Kikengele cha Nasra

Siku ya kwanza, Nasra, mshauri nasaha, alimketisha Bi Mwanaidi kwenye mkeka, akamwomba afumbe macho.

"Nifumbe macho mchana kweupe? Kwani mimi maiti, nimeletwa kuoshwa?"

Nasra akacheka. "Hapana, mama. Nitagonga kikengele hiki. Wewe ifuate sauti yake mpaka iishe, basi."

Akagonga. Sauti haijafifia, Bi Mwanaidi yuko wima, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Kaa, mama. Hakuna anayekuita."

"Najua. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akiniita kwa kengele, maradhi yalipomfunga ulimi. Nikikaa tu, kengele. Siku ile ililia niko kwenye sala ya sunna. Ningeweza kuifupisha. Nikairefusha, mwanangu, nipumzike kidogo kwenye sijida. Nilipotoa salamu, roho imeshatoka."

Nasra akakishusha kikengele mkekani.

"Na watu wakanisifu. Mume anakata roho, mke yuko mbele ya Mola wake. Mpaka leo wananitolea mfano."

Nasra akakifunika kikengele kwa kiganja. "Nikiweke mbali?"

Bi Mwanaidi akarudi, akakaa.

"Kigonge tena," alisema, akaushika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili.