Weka Mkazo kwa Fa

“Ati amekufa! Jamani, mtu anakubebea mizigo kwa bei ya kaka, halafu wewe unamuua mbele ya darasa zima!”

Akiru alikuwa amejitupa kwenye mkeka, anacheka mpaka shanga zinamtoka mkononi. Shangazi yake Namuar na majirani waliokuwa wakimtungia mkufu wa harusi, hapo mtaani Kanamkemer, wakamwangalia tu. Harusi ni Jumamosi. Lotiir, bwana harusi mwenyewe, alikuwa njiani na pikapu yake, analeta mbuzi kutoka Kakuma. Simu yake haikuwa ikishika tangu asubuhi, lakini njia ile nani haijui? Mtandao ni wa kubahatisha.

“Nani amekufa?” Shangazi akauliza.

“Hakuna! Ndiyo utamu wenyewe.”

Basi akaeleza. Huyu Akech, mwanafunzi wake wa Kiswahili kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anauza mitumba. Akiru ndiye aliyemwomba Lotiir awe anambeba yeye na magunia yake kwa pikapu. Wiki iliyopita, darasani, akamuuliza: “Haya Akech, Lotiir amekufaa?” Naye, uso mkavu kama hakimu: “Ndiyo, mwalimu. Amekufa.”

“Shangazi, sikiliza. A-me-KU-fa, ukikaza kwa ku, tayari ni matanga. A-me-ku-FA-a, ukikaza kwa fa, umemsifu. Na hata hivyo alipaswa kusema amenifaa! Lakini akili ya mtu anayejifunza lugha haikati neno vipande. Inalimeza zima, halafu inakurudishia vile vile. Tulisoma hiyo chuoni, muhula mzima!”

“Sasa neno moja inazika mtu, tena inasifu yeye?” Namuar akashangaa. “Hii Kiswahili yenu ni ya wachawi.”

Hapo ndipo majirani walipoanza kucheka. Darasa lilicheka zaidi, Akiru akawaambia. Tangu siku hiyo Akech anaitwa Mama Matanga, na jina lenyewe ni yeye Akiru aliyelitunga.

Mlango wa bati ukagongwa, ukafunguka kabla mtu hajaitika.

“Wooi! Ndiye huyu!”

Akech alisimama mlangoni, mrefu, vumbi hadi kwenye nyusi. Mguu mmoja ulikuwa na ndara, mwingine mtupu.

“Ejok, Mama Matanga!” Akiru akamsalimu. “Ndara nyingine umeiuza? Njoo hapa katikati, waonyeshe. Lotiir amekufaa?”

Akech akapiga hatua mbili ndani.

“Mwalimu. Lotiir amekufa.”

Nyumba ililipuka. Jirani mmoja alishika mbavu, mwingine akalala kabisa juu ya shanga.

“Si niliwaambia? Kaza kwa fa! Sema tena.”

“Amekufa.”

“Fa-a! Vuta mwisho!”

“Lotiir amekufa, mwalimu. Lotiir.” Sasa alikuwa akilia.

“Akiru, wacha mtoto wa watu,” Namuar akasema. “Huoni analia?”

“Ni aibu tu, Shangazi. Aibu inafundisha kuliko kitabu.” Akiru akamshika Akech kidevu, kama anamlisha uji. “Fuata mdomo wangu. Ame-ni-faa. Huketi mpaka useme.”

Akech alimtazama. Akauma midomo. Kisha akasema polepole, kila silabi mahali pake:

“Lotiir amenifaa.”

Loo, makofi! Akiru akaruka, akamkumbatia, akapiga kigelegele, na majirani wakaitikia mpaka mbwa wa jirani akabweka.

“Mwalimu,” Akech akasema, uso bado uko begani mwake. “Mtu nalala kwa barabara. Hapana pumua. Watu nafunika yeye na shuka, mpaka kichwa. Hiyo, kwa Kiswahili, neno yake ni gani?”

Vigelegele vikakatika. Akiru peke yake ndiye aliyekuwa bado anacheka, anapangusa machozi ya kicheko.

“Wacha nifurahi leo, Mama Matanga. Hiyo nitakwambia kesho, pamoja na mkazo wake.”