Lijamu la Mzee

Faustina aligusa lijamu moja baada ya jingine ukutani mwa banda, vyuma vya kumtia farasi kinywani. Vyote vilikuwa baridi, ile baridi ya Juni, na farasi aliyesimama kando yake, mwenye kinywa laini, alikwisha kuvikataa mpaka mate yakachanganyika na damu.

"Mtie lile jembamba, mama," mumewe alisema mlangoni.

"Jembamba ndilo limemkata. Baba alikuwa anamtia lile nene, tena analipasha kwanza kwapani."

"Basi lipashe na wewe."

Lile nene, lililoning'inia peke yake pembeni, lilikuwa halijaguswa tangu mzee huyo azikwe Tosamaganga. Faustina akapangusa utando wa buibui, akalishika.

Lilikuwa na joto, kama limetoka kwapani sasa hivi.

Farasi akainamisha kichwa, akapanua kinywa mwenyewe. Hakumtazama Faustina, wala mume pale mlangoni; alitazama kando ya Faustina, pasipokuwa na mtu.