Miche ya Dirisha la Ngazini

Mzee Metodi alipanda ngazi kwa soksi, viatu mkononi. Ndani ya koti lake, kifuani, alikumbatia kikopo cha mtindi chenye udongo na mche mmoja wa nyanya. Alikuwa na miaka sabini na ushei, mstaafu mwenye heshima zake pale mjini Sevlievo, na wizi alikuwa ameuanza Jumatatu.

Alipofunga mlango wake tu, sauti ya Bi Nedyalka wa ghorofa ya chini ikapaa mpaka kwenye paa.

"Mwizi! Kanichukulia tena! Mkono huo ukauke! Na najua hata kumwagilia hajui, atanizamishia mche wangu! Vijiko viwili asubuhi vinatosha, mlaaniwa wewe!"

Nyuma ya mlango, Mzee Metodi akamwaga nusu ya maji aliyokuwa ameshayatia kwenye birika la kumwagilia.

Hakuna aliyemshuku. Huyu ndiye aliyekuwa akikeneka rakia, pombe yake kali, kwa plamu za bustani yake mwenyewe, akichemsha sabuni yake, akikausha maharage yake. Akikaa kwenye benchi mbele ya jengo, mahubiri yalikuwa yale yale: "Dukani wanakwenda wasio na mikono. Mimi sinunui, wala sipokei cha mtu." Bi Nedyalka aliwahi kumpelekea sahani ya mkate wa jibini ukiwa wa moto. Aliirudisha vile vile, akamwambia yeye pia ana jiko.

Mwaka huu, hata hivyo, mambo yalimwendea kombo. Mbegu aliziotesha mwenyewe mwezi wa pili, akazipanga juu ya kile chuma cha kupasha joto chini ya dirisha, ziote upesi. Zikaota upesi kweli. Zikarefuka, nyembamba na nyeupe kama tambi, kisha zote zikalala chini zikafa. Miaka yote marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akiziondoa kwenye joto kila jioni, kimya kimya, bila kumwambia.

Na mwaka huu ndio hasa haukutakiwa kuharibika. Siku ya arobaini ya marehemu, mbele ya ukoo mzima, mwanawe Plamen alisimama na glasi mkononi, akasema, "Baba, bustani ikikushinda mwaka huu, tunaiuza. Utahamia kwetu mjini Sofia." Wanawake walilia kwa kumsifu mwana mwema. Mzee Metodi naye alilia, kwa sababu zake. Ghorofa ya tisa! Na mkwe anayekula nyanya za dukani mwezi wa kwanza, theluji ikianguka, zimefungwa kwenye nailoni!

Basi akaanza kutazama dirisha la ngazini, ambako Bi Nedyalka alipanga vikopo vyake. Dhamiri ilimchoma, lakini watu wa kule wanaamini kwamba mche wa kuibwa hushika kuliko wa kupewa, na imani hiyo ilimfariji sana. Kilichomshangaza ni miche yenyewe. Bi Nedyalka hakuweza kuona hata tundu la sindano, na vyumba vyake vilitazama mlima, havikupata jua. Ila miche yake ilisimama minene, ya kijani iliyoiva.

"Bahati ya wajane," alijiambia.

Wizi ukawa rahisi kupita kiasi. Kila asubuhi Bi Nedyalka alitoka akitangaza ngazi nzima: "Naenda kanisani miye, sirudi mpaka adhuhuri!" Akirudi, analaani.

"Kachukua na bilinganya! Atazipanda upesi na baridi hii, zife! Mjinga huyo hajui kuzitoa nje mchana kwanza, zizoee!"

Mzee Metodi akazitoa roshani mchana, zikazoea.

Siku ya Ijumaa Plamen alipiga simu.

"Mzee, nyanya vipi?"

"Zimesimama kama askari. Mbegu yangu, mkono wangu."

"Na bilinganya?"

"Usiulize. Utafikiri zimechongwa."

"Hoho je?"

Mzee Metodi akakohoa. "Hoho zina uvivu kidogo mwaka huu. Lakini zinakuja."

"Haya, baba. Zikija, mambo yako safi. Wewe huhitaji mtu."

"Sijawahi," akajibu, na kwa kitambo kidogo aliamini.

Jumamosi alishuka tena kwenda kuangalia kama Bi Nedyalka ana hoho. Kabla ya kufika kwenye kona akasikia watu wakizungumza pale dirishani. Sauti moja ilikuwa ya Bi Nedyalka. Ya pili ilikuwa ya Plamen.

Akaketi pale pale kwenye ngazi. Ameshikwa. Bibi yule amemwita Plamen kutoka Sofia, sasa anamweleza kwamba baba yake ni mwizi. Kesho bustani itauzwa.

"Mwanangu, nimechoka kulaani," Bi Nedyalka alikuwa akisema. "Koo limekauka, na kanisani padri ananiuliza nimepatwa na nini siku hizi, niko pale kila siku. Si umpe tu mkononi?"

"Mkononi hatapokea, Bi Nedyalka, unamjua." Kitu kizito kikawekwa chini, vikopo vikagongana. "Hizi hoho ni za soko la Gabrovo, aliyeniuzia amesema zitashika hata kwa mtu wa namna yake. Zipange mbele, azione. Na ulaani kwa sauti zaidi kidogo, masikio yake si mazuri."

"Mtoto mwema wewe. Yote haya ili baba yako asitolewe nyumbani kwake!"

Plamen akashusha pumzi ndefu.

"Bi Nedyalka, nilimwalika mbele ya ukoo mzima. Bustani ikifa, atahamia kwetu kweli."