Riwaya ya Saluni

Kwa miaka mingi Mzee Sudi aliisimulia riwaya yake kwenye saluni ya Chande, na kila mara alimalizia hivi: "Nikistaafu tu, naiandika." Watu wakamwita Mwandishi, naye akaitika.

Leo alikuja na ukurasa wa kwanza. Akavaa miwani, akakohoa, akasoma: "Mke wa fundi saa alirudi siku ya mvua, akiwa amevaa..."

"...viatu vya mtu mwingine," Chande akadakia, wembe ukiwa kidevuni mwa mteja.

Watu wakacheka. Mmoja akaendelea na kipande cha riwaya chenye mlango uliogoma kufunguka. Kisha Chande akatoa mwisho ambao Mzee Sudi hakuwahi kuutunga, nao ulikuwa mzuri kuliko wake.

"Huo mwisho umeutoa wapi?" Mzee Sudi akauliza.

"Kwako, Mzee wangu. Si wewe uliyetusimulia?"

Mzee Sudi aliugeuza ukurasa upande usioandikwa, akatafuta kalamu mfukoni.

"Hebu rudia," alisema. "Polepole."

Lakini Chande alikuwa ameshawasha mashine ya kunyolea, na hakumsikia.