Lenzi ya Kurudishwa Arusha

Hedwiga alimwaga chai ya mumewe kwa mara ya pili asubuhi hiyo. Hakuweza kuiondolea macho darubini iliyoelekezwa bondeni.

Mumewe, Mwalimu Zephania, alikuwa ametumiwa lenzi mbili za kuchungulia na rafiki yake wa Arusha, mpenzi wa nyota kama yeye. Achague moja, nyingine irudi na basi la saa nne. Lakini mawingu yalikuwa yameikalia milima ya Upare wiki nzima, nyota hazionekani, hivyo mzee akaamua kuzijaribia kwenye maboma ya wafugaji kule chini, kabla jua halijachemsha hewa.

Katika boma mojawapo ndimo alimoolewa binti yao, Rogathe, bila kanisa wala baraka. Huu mwaka wa pili Zephania hajataka kusikia jina lake. "Atakayekanyaga kwake asirudi kwangu," alisema, naye si mtu wa maneno mawili.

Hedwiga alikanyaga. Kila siku ya gulio alishuka Same na tangawizi, na njiani akapitia kwa mwanawe. Kesho ilikuwa siku ya gulio.

"Hii ni pana, ila pembeni inafifia," Zephania alisema. Akaichomoa, akachomeka ya pili. "Hii sasa! Ng'ombe wanatembea miguu juu, ndivyo darubini ya nyota inavyogeuza, lakini nahesabu pembe."

Hedwiga roho juu.

"Chukua ile pana, Mwalimu. Si ulisema kundi zima la nyota za Kilimia linaingia?"

"Tangu lini wewe ukajali Kilimia?"

Hedwiga alicheka kicheko kikavu, akaanza kufagia ua aliokwisha kuufagia. Akifukuzwa, uzee huu aende wapi? Na asiposhuka, atakaaje bila kumwona mwanawe? Alitamani mawingu yashuke yafunike nyika yote.

Zephania alibadilisha lenzi mara nne, mara tano. Alifuta, akachungulia, akaguna. Mwishowe akairudisha ile pana kwenye boksi lake, akaandika anwani ya Arusha.

"Nabaki na hii kali," alisema, akiinamia tena darubini. "Lenzi yangu ya zamani miezi yote hii imekuwa ikinionyesha rangi ya kitenge chako tu pale bomani. Kesho ukifika, mwambie Rogathe asimweke mtoto mgongoni muda wote. Amgeuzie huku mlimani. Sura yake sijaiona."