Siku Yako Si Leo

Mlinzi wa mlango wa studio alimrudisha Verna kwa mara ya tatu, na safari hii hata kuinuka kitini hakuinuka.

"Siku yako si leo, binti. Nikikupitisha, kesho sina kazi."

Mwaka ule wa 1962, kila kijana wa Baltimore aliijua sheria ya kipindi kile cha dansi kwenye televisheni. Weusi na weupe hawachezi pamoja: weupe karibu kila siku, weusi mara moja tu kwa mwezi. Sheria ya ovyo, na Verna alikuwa amechoka nayo. Huko ndani Lucius, mwenzi wake wa dansi, alisimama peke yake kwenye mstari wa wachezaji. Wiki nane walikuwa wamefanya mazoezi kwenye chumba cha chini nyumbani kwa kina Lucius, mpaka soli za viatu zikalika. Mashindano ya wawili wawili yangeanza saa kumi kamili, na asiye na mwenzi anatolewa.

Ilikuwa saa tisa.

Alitoa cheti chake cha kuzaliwa, kilichotaja rangi yake. Mlinzi alikisoma, akacheka, akasema karatasi ya kuazima haimbabaishi, macho anayo. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi Verna kuliko yote. Angetukanwa angejua la kujibu.

Akakimbilia kibanda cha simu ng'ambo ya barabara, akampigia mama yake kazini, alikokuwa mpishi. Hakulia mpaka aliposikia sauti yake. Mama akasema anakuja, kuku wa watu aungue akitaka.

Saa kumi kasoro dakika tano mama akashuka kwenye basi, aproni kiunoni, unga bado mikononi. Verna akamvuta hadi mlangoni. Ndani walikuwa wameshaanza kuujaribu muziki.

"Mama yangu huyu hapa," alisema. "Mtazame, halafu uniambie tena siku yangu si leo."

Mlinzi akamtazama mama, kuanzia usoni mpaka kwenye aproni. Akamtazama Verna. Akashusha pumzi, akamgeukia mama.

"Yaya, mrudishe binti wa bosi wako kwao. Leo ni siku ya weusi."