Moshi wa Kanzu

Ubani ulishika moto. Siwema aliuona ukiyeyuka juu ya kaa jekundu, kisha ukawaka na kutoa moshi mweusi wenye harufu ya masizi.

"Ndiye mke tuliyemtoa kijijini Ipole huyo," wifi yake alisema mlangoni. "Kaka akivaa kanzu hiyo, watu wa stesheni watadhani ametoka jikoni, si Burma."

Mama mkwe alikuwa amesimama kando. Tangu mwanawe, mume wa Siwema, aende vitani, hakuwahi kumwachia mkaza mwanawe chetezo cha ubani. Leo treni ilikuwa inamrudisha, na leo alimwachia.

Siwema alilitazama lile kaa. Alimkumbuka baba yake akirina asali. Nyuki hawatulizwi kwa moto, alizoea kusema, hutulizwa kwa moshi.

Akachota jivu, akalifunika kaa mpaka wekundu ukapotea. Akaweka punje moja ya ubani juu ya jivu, akaipuliza taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto.

Moshi ulipanda mweupe, mwembamba. Akafunika chetezo kwa tenga, akatandaza kanzu juu yake. Moshi ukapenya kitambaa, ukatokea shingoni.

Kwa mbali, treni ilipiga honi.

Mama mkwe aliinama, akanusa mkono wa kanzu, akanusa tena. Kisha akavua kanga aliyojitanda kichwani, mvi zake zikabaki wazi, akaitandaza kwenye tenga.

"Na yangu, mwanangu," alisema. "Wala usiharakishe. Atatungoja."